Moshi wa Nyumba Moja

Kijiji kinaanzia wapi? Si mlangoni, maana mlango ni wa mwenye nyumba. Si njiani, maana njia ni ya wapitao. Pengine kinaanzia pale mtu anaposikia kikohozi ng'ambo ya migomba na kujua, bila kuinua kichwa, hicho ni kikohozi cha nani. Nakiete alikuwa na uzee mzima wa kulitafuna swali hilo, na asubuhi ile alilitafuna akiwa amechutama mbele ya mafiga yake, anapuliza, jivu linamrukia kwenye nyusi ambazo zamani zilikuwa nyeusi kama masizi. Nyumba yake ndiyo ilikuwa kijiji. Nyumba yake peke yake. Kamba iliizunguka: ilipita nyuma ya banda la mbuzi, ikapanda kwenye kijishamba cha magimbi, ikalikata shina la mgomba mmoja katikati, hata mkungu ukawa unaiva upande huu na upande wa pili umebaki mbichi, kisha ikashuka na kufungwa kwenye kigingi karibu na jiwe la kusagia. Ndani ya kamba, kijiji. Nje ya kamba, kilima kizima chenye nyumba, vyoo, makaburi na watu, kikaitwa pori.

Ilitokea hivi. Kwenye kilima kile mgeni mkubwa hapikiwi na nyumba moja. Siku anayokuja, kila mama huzima jiko lake, huchomoa kijinga kimoja chenye moto, hufunga mlango, na kukipeleka kwenye nyumba iliyochaguliwa. Vijinga vyote huingizwa chini ya chungu kimoja, moto ukawa mmoja, na moto ukishachanganywa hauulizwi ulitoka kwa nani. Hufanya hivyo ili mgeni akitupa macho asione moshi mahali pengine akadhani kuna watu wanakula peke yao kwa kujificha. Mgeni hula, hunawa, husimama kizingitini na kusema, "Nimeshiba, naaga." Hapo ndipo kila mama huchukua kijinga chake na kwenda kuwasha kwake. Kabla ya neno hilo hakuna awashaye. Kuwasha moto wakati mgeni hajaaga ni kumwambia inuka uondoke, na tangu kilima kiwe kilima hakuna aliyewahi kumwambia mgeni hivyo.

Basi walipopata habari kwamba Mwenye Kamba anakuja, kusema kijiji kiko wapi ili maendeleo yajue mahali pa kufikia, walifurahi. Nyumba ya Nakiete ipo begani mwa mlima, njia inapopinda, ndiyo ikachaguliwa. Vijinga vikaja kutoka kote, vingine vimebebwa kwenye vigae, vingine vinapepewa njiani visizimike. Makande yakachemka. Mwenye Kamba akatokea, kijana mrefu, nguo safi, mkononi kamba na begani vigingi, akageuza shingo taratibu kutazama kilima kizima. Aliona milango iliyofungwa. Alichungulia mafiga kupitia nyufa, yalikuwa baridi. Aliona moshi wa nyumba moja. Na kipimo alichopewa huko alikotoka kilikuwa hiki: kijiji ni palipo na moshi. Akapigilia vigingi, akafunga kamba, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichokwisha amuliwa, "Ndani ya kamba jengeni, bomba litakuja, na bati litakuja. Nje ya kamba kisiongezwe kitu." Akashuka mlima. Makande hakuyagusa. Kuaga hakuaga, na kwa kuwa hakuaga, mafiga ya wengine yakabaki baridi.

Na neno lake likatiiwa kuliko alivyotaka mwenyewe. Nje ya kamba hakikuongezwa kitu. Si chumba tu, wala ukuta wa choo: hata siku haikuongezwa. Jua la huko lilibaki pale pale lilipokuwa wakati fundo linakazwa, jua la alasiri, jekundu kidogo, limeegemea mabega ya mlima kama mtu aliyechoka kusimama. Kuku wa jirani alilala juu ya mayai yale yale. Mahindi yalibaki kwenye mbelewele. Watu walitembea, walisema, waligombana, lakini kucha hazikurefuka, na njaa yao ilikuwa ile ile njaa ya alasiri ile, haizidi, haiishi. Ndani ya kamba tu ndimo mlimokuwa na asubuhi. Ndani ya kamba tu ndimo mlimokuwa na usiku, na mvua, na jino kulegea, na goti kulia likikunjwa. Nakiete alizeeka peke yake kilima kizima. Uzee ni mzigo wa kusaidiana: mmoja husahau jina, mwingine akamkumbusha, wakacheka. Yeye alisahau majina na hakuwa na wa kucheka naye.

"Hodi, nipishe!" Nangasu aliruka kamba huku amejikusanya kanga, sufuria kichwani. "Nipishe nipike upesi, sitaki kuzeekea jikoni kwa mtu."

"Karibu. Weka hapo, figa hilo limelegea."

Nangasu na Nakiete waliolewa msimu mmoja, wakatolewa nje kama maharusi siku moja, wamepakwa mafuta kutoka kibuyu kimoja. Sasa Nangasu alikuwa mama wa makamo, kiuno kigumu, meno yote mdomoni, na Nakiete alikuwa ajuza. Siku moja, kwa kupitiwa, Nangasu alimwambia "Shikamoo." Nakiete aliitikia "Marahaba" kabla hajajua anaitikia nini, kisha wote wawili wakatazama chini, wakajifanya wanatafuta kitu kilichoanguka.

"Nimekuja na habari," Nangasu alisema, anakoroga kwa kasi. "Anarudi."

"Nani?"

"Wako huyo. Aliyekuoa kwa kamba." Alicheka. "Nimemwona kwenye kona ya chini. Kijana vile vile. Wanasema anakuja kupitia mipaka, kuona kama palikosewa."

Nakiete aliacha kupuliza. Moto ulikuwa umeshika, lakini yeye alibaki na mashavu yamejaa pumzi, hajui aipeleke wapi.

Hapo ni lazima kumtaja Naelijwa, maana bila Naelijwa Nakiete angekwisha jifia bila malalamiko. Naelijwa ni mke wa mwanawe, nyumba yao ipo ng'ambo ya kamba, karibu hata mtu akipiga chafya huku anaombewa afya kule. Alikuwa mjamzito siku ya kamba. Bado alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa lile lile, limeshuka tayari, na mtoto ndani alikuwa amegeuka, kichwa chini, anasubiri, kama mtu aliyeshika komeo la mlango na kuambiwa ngoja kidogo. Nakiete alimsihi mara nyingi aje ndani ya kamba, alale huku, azae. Naelijwa alikataa kila mara, kwa adabu, macho chini.

"Mama, nikizalia huko atakua huko," alisema. "Atapata meno, atapata ndevu, atakuwa mzee. Baba yake atakuwa huku, kijana, anamtazama mwanawe anakufa kwa uzee. Nimzae mtoto wa namna gani huyo?"

"Basi mimi nife bila kumwona?"

Naelijwa alishika tumbo kwa mikono miwili, akarudi kwenye alasiri yake.

Mwenye Kamba alipofika, watu walikuwa wamekwisha jipanga mteremkoni, upande wao wa jua jekundu, kimya kama mahindi kabla ya mvua. Yeye alikanyaga juu ya kamba yenyewe, mguu mbele ya mguu, kama atembeaye juu ya ukuta, na Nakiete akaelewa kwa nini hakuwa amezeeka kama yeye wala kukwama alasirini kama wale wengine: huyu hakai ndani, wala nje hakai. Anakaa kwenye mstari. Aliye juu ya mstari ana siku zake mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Chakula kipo motoni."

"Nimekuja kufanya mapitio." Alipiga kigingi teke dogo kuona kama kimeshika. "Inasemekana kuna nyumba nyingine hapa."

"Zipo." Nakiete alitaka kunyoosha mkono lakini aliuona mkono wenyewe, mishipa na mabaka, akaurudisha. "Hiyo ya Nangasu. Ile yenye mlimau ya mwanangu. Zile za juu. Zote zina watu. Si hao wamesimama?"

Mwenye Kamba aliwatazama watu, kisha akatazama mapaa. "Sioni moshi."

"Moshi wao uko humu. Unapanda kwa pamoja."

"Bibi, mimi sipimi kwa kuambiwa."

Kutoka mteremkoni sauti ya mwanamume ilisema, "Basi pima kwa pua, bwana, si tunanuka watu!" Wachache wakacheka. Kicheko kilikatika upesi, kwa sababu Mwenye Kamba alikuwa ameanza kufungua fundo.

Aliivuta kamba kidogo, akaipima kwa urefu wa mikono yake, akafikiri. Akasogea karibu na Nakiete na kuteremsha sauti, lakini kwenye kilima kile hakuna sauti inayoteremka. Migomba ilinyamaza ili kusikia.

"Kamba ni hii hii," alisema. "Sikupewa nyingine. Ila fundo hili nilifunga kwa kubakiza. Nikilibana, inafika nyumba moja zaidi. Moja tu. Wewe ndiye kijiji, kwa hiyo wewe ndiye wa kuulizwa. Chagua, niizungushe, nifunge, na mapitio yawe yamekwisha. Baada ya hapa hakuna mapitio mengine."

Nyumba moja zaidi. Nakiete hakuhitaji kugeuka kuona mlimau. Aliuona ndani ya kichwa chake: ukuta wa udongo, dirisha dogo, mwanawe amesimama mlangoni, Naelijwa ameketi kwenye kigoda miguu imepanuliwa kwa uzito. Kamba ikiwazunguka, wote watatu wangeingia asubuhini pamoja. Baba angezeeka mbele ya mwana kama inavyopasa. Mtoto angetoka. Angemshika. Angemwogesha kwa maji ya vuguvugu, angemkanda mgongo, angemnyoosha vidole kimoja kimoja. Je, kuna dhambi gani? Kila mtu angechagua wake. Kila mtu. Na hao wengine? Hao wengine hawafi. Hawazeeki. Wanasimama tu alasirini. Kusimama si kufa. Kusimama si kufa? Mtu asiyeongezewa hata siku moja ni hai wa namna gani? Na nani alimpa huyu kijana maneno haya, ndani, nje? Maneno hayo hayaoti. Yanapigiliwa. Lakini mtoto. Lakini kichwa kimegeuka chini. Lakini mkono huu utakuwa hai msimu gani zaidi?

"Mchague mkweo," Nangasu alisema.

Alikuwa bado jikoni, mwiko mkononi, na kipande cha nywele zake kilikuwa kimeanza kubadilika rangi kwa kukawia ndani ya kamba. Hakujali.

"Nangasu."

"Mchague, nakwambia. Mimi ningemchagua wangu, na wala nisingekutazama usoni. Unadhani ningekukumbuka wewe na magimbi yako? Sema, mama, yule mtu anangoja."

"Usiniite mama."

"Nikuiteje, na umekuwa hivi?" Machozi yalimtoka Nangasu, akayafuta kwa kiwiko, kwa hasira, kama anayefukuza nzi.

Kule mteremkoni watu walitazama mkono wa Nakiete. Naelijwa peke yake alikuwa amefumba macho.

Nakiete alipanguza viganja kwenye kanga. Jambo la namna hii halijibiwi kwa mgeni aliyesimama na njaa, ndivyo alivyofundishwa, na mtu akikosa njia hurudi kwenye kile alichofundishwa. Alipakua makande kwenye bakuli la mti, akalifuta ukingo, akalishika kwa mikono miwili.

"Kaa kwanza, baba. Ule. Chakula hiki kinakungoja tangu siku ile. Ukila ukashiba ukaaga, nitakujibu."

"Sina haja ya chakula, Bibi. Nyumba ipi?"

"Mgeni hali akiwa amesimama. Kaa."

"Bibi." Uvumilivu ulimwishia, ingawa uso ulibaki laini. "Mnanikosea. Tangu mara ya kwanza mnanikosea. Mimi si mgeni hapa. Mgeni ni nyie, mnakaa pale ninaposema pakaliwe. Mimi ndiye mwenye mpaka. Sijawahi kuwa mgeni wenu hata siku moja."

Bakuli lilikuwa bado mikononi mwa Nakiete. Moshi ulipanda, ukagonga paa, ukatafuta tundu.

Si mgeni.

Aliyasikia maneno hayo yakimshuka mwilini taratibu, kama maji ya moto kwa mtu mwenye baridi, yanayochoma kabla ya kupasha. Si mgeni. Hajawahi kuwa. Nani alisema mgeni? Sisi. Sisi ndio tulisema. Tukazima mafiga yetu kwa ajili yake, tukafunga milango yetu kwa ajili yake, yeye akaja akakuta baridi akasema hapa hakuna watu. Tukamngoja aage. Mtu ambaye si mgeni ataaga vipi? Anamuaga nani? Tumekaa gizani, la, si gizani, tumekaa kwenye jua lisilotua, tukilinda heshima ya mtu ambaye hakuwahi kufika.

Aliliweka bakuli chini.

"Umesema mwenyewe," alimwambia. "Watu wamesikia?"

"Nimesema nini?"

Nakiete alitoka hadi kwenye kamba, akatia mikono kiunoni, na sauti iliyotoka kwake haikuwa ya ajuza. "Jamani! Enyi wa huko! Mmesikia? Si mgeni! Hakuna mgeni kilimani! Njooni mchukue moto wenu!"

Hakuna aliyesogea. Mazoea ya namna hiyo hayaiachi miguu ya mtu upesi. Mzee mmoja alisema kwa woga, "Lakini hajaaga."

"Mwizi anaaga? Upepo unaaga? Njooni!"

Mwenye Kamba alishuka kutoka kwenye mstari kwa mara ya kwanza, akasimama mbele yake. "Bibi, sikiliza. Sikiliza vizuri. Ukiutawanya moto huu sitajua kijiji kiko wapi. Kamba haitoshi moshi mwingi. Nitaing'oa, nitaikunja, nitaondoka, na huko nilikotoka nitasema nimepita kilima kile sikukuta kijiji. Hakuna bomba. Hakuna bati, hakuna darasa. Wewe mwenyewe utakuwa pori. Unaelewa? Na ile nyumba yenye mlimau pia."

"Naelewa."

"Nimekupa nyumba moja zaidi. Bure."

"Umenipa, baba. Sikuchukua."

Magoti yalimlia alipochutama. Alichomoa kijinga cha kwanza, akakipuliza hadi kikawa chekundu, akamkabidhi Nangasu. Nangasu alikipokea kwa mkono mtupu, akaungua, akatukana, akacheka, akaruka kamba na kukimbia kwake na kanga imemfunguka nusu. Hapo ndipo wengine waliposhuka. Walikuja wakisukumana, wanaona aibu, wanainamisha vichwa mlangoni, na kila mmoja alinyoosha kigae au jembe au mkono. Nakiete alitoa. Hakuuliza kipi cha nani. Alitoa kijinga kikubwa kwa mwenye nyumba kubwa na kidogo kwa mjane asiye na kuni, kisha akageuza, akampa mjane kikubwa. Mwanawe alikuja wa mwisho, akapiga goti mbele yake kijana kabisa, kidevu laini, akasema "Mama," basi. Palikuwa pamebaki kijinga kimoja. Alimpa. Kati ya mafiga yake pakabaki jivu na joto la jivu.

Huko nje moshi ulianza kupanda. Kwa Nangasu kwanza, mweusi, wa kuni mbichi. Kisha chini. Kisha juu kabisa kwenye nyumba ambayo Nakiete alikuwa amekwisha sahau kwamba ipo. Mwenye Kamba alisimama anageuka huku na huku. Aliivuta kamba kuelekea moshi mmoja, mwingine ukatokea nyuma yake. Alipima, akafuta kwa mguu, akapima. Ilikuwa vigumu kumtazama bila kumhurumia. Alikuwa kijana, na alikuwa amepewa kipimo kimoja tu. Mwishowe akaanza kung'oa vigingi. Cha kwanza kilitoka kwa shida, udongo umekishika. Cha jiwe la kusagia kilikuwa cha mwisho, na kilipotoka, kamba ililegea yote kwa pamoja, ikalala chini, ikawa kamba.

Kikapita kitambo ambacho hakikuwa cha ndani wala cha nje.

Kisha jua jekundu likateleza. Watu walilipigia kelele, wengine wakajifunika vichwa. Vivuli vilirefuka mbio, vikavuka njia, vikapanda kuta. Mahali fulani kuku alisimama kutoka kwenye mayai akaanza kulia kama aliyepigwa. Na kutoka nyumba yenye mlimau ikasikika sauti moja nene, si kilio bado, sauti ya mtu aliyeinua kitu kizito kuliko alivyodhani.

Nakiete aliukuta mlango wa nyumba hiyo umefungwa nusu. Alikuwa amevuka pale palipokuwa na kamba bila kujua kama amevuka. Mwanawe alikuwa nje anapuliza moto kwa nguvu zote, amechanganyikiwa, kijinga kinatoa moshi hakitoi mwali. "Kuni nyembamba kwanza!" alimfokea akimpita. "Nyembamba, kisha nene! Na maji, sufuria ile kubwa!" Ndani kulikuwa na giza jipya, giza ambalo nyumba ile haikuwahi kulijua, na Naelijwa alikuwa ameshika nguzo ya katikati, magoti yamekunjwa, jasho limemlowesha hadi kisogoni.

"Mama, ni kwa haraka mno. Kinakuja chote kwa pamoja."

"Kimekaa sana. Kipe njia."

"Naogopa."

"Na mimi. Shika hapa, si hapo, utaikata kanga."

Aliuweka uzee wake wote nyuma ya mgongo wa Naelijwa, auegemee. Alikuwa hana nguvu, lakini alikuwa na uzito, na uzito ulitosha. Alipeleka mkono chini akakigusa kichwa, kigumu, chenye nywele, chenye moto, akakikinga kwa kiganja. Nangasu aliingia bila hodi, na kitambaa safi begani, akapiga magoti upande wa pili.

Nje, sauti ya kijana ilikuwa inaita, mara karibu, mara mbali, kama ya mtu aliyepotelewa na njia kwenye giza la mahali asipopajua. "Bibi! Hapa ni wapi sasa? Bibi! Njia ya kushuka ni ipi?"

Naelijwa alifungua macho. "Nani huyo anaita?"

"Mpita njia," alisema Nakiete. "Baadaye tutamwonyesha. Sukuma, mwanangu. Sukuma."